Mwanvua Kwenye Kizingiti

"Mwalimu Dismasi, heshima yako itanipasua kibofu!"

Mwanvua aliyatupa maneno hayo kutoka mwisho kabisa wa hangari. Yakapita juu ya masufuria, juu ya nguo zilizoanikwa kambani, juu ya watoto waliokuwa wanagombania ndizi, yakamfikia Mwalimu Dismasi kule mlangoni alikokuwa anagawa vipande vya sabuni. Watu wakacheka. Mwalimu hakucheka. Alikuwa amefundisha shule ya msingi maisha yake yote, na mwalimu wa namna hiyo akichekwa hungoja kwanza darasa linyamaze.

"Mama Mwanvua," akasema, "hiyo mambo tulishaiongea."

"Uliiongea weye. Mimi nilikuwa ninasikiliza. Leo iko zamu yangu."

"Sasa unataka nini tena?"

"Kile kile cha jana. Nitoe huku, unilaze karibu na mlango."

"Mlangoni!" Mwalimu akawageukia watu, kama anayeomba mashahidi. "Mlangoni inalala mbwa, si mukecuru. Wakubwa wa komine wakikuja hapa wakakuta bibi kizee, mujane, miguu yake haitembei, amelazwa pa kupigwa na upepo, watasema Dismasi ana roho gani?"

"Watasema Dismasi ana akili."

"Yoo! Mama, tumekupa pa juu. Tumekupa mbao na mukeka munene. Iko batu hapa wanalala kwenye sementi tupu, hawalii."

"Hawalii kwa sababu wakibanwa wanasimama na kutoka. Mimi nikibanwa naanza safari ya Kigoma."

Watu wakacheka tena. Mwalimu akafunga sanduku lake la sabuni, akatoka zake. Ndivyo mabishano yao yalivyoisha kila mara. Yeye alikuwa na miguu ya kuondoka nayo.

Hangari lenyewe lilikuwa ghala la mawese. Mwenyewe ni Hamidou, mfanyabiashara wa Rumonge, na alipoona ziwa limepanda na halina nia ya kurudi, akatoa mapipa yake yote na kuiazima komine, ndiyo serikali ya mji, jengo ili waliokula hasara wapate pa kulala. Sharti lake lilikuwa moja tu: kisivunjwe kitu. Komine ikaunda komite, komite ikamchagua Mwalimu Dismasi, na Mwalimu akapanga watu kwa namna aliyofundishwa na mama yake.

Tusimwonee, alikuwa mtu mwema. Wema wake ndio uliokuwa tabu. Katika nyumba za mwambao huu, mgeni wa heshima hupelekwa ndani, na kadiri anavyoheshimiwa ndivyo anavyoketishwa mbali na mlango. Mlangoni hukaa mbwa, na mtu aliyekuja kukopa, na mkwe ambaye hajamaliza mahari. Kwa hiyo siku ya kwanza Mwalimu aliwachukua wanyonge wote, Mwanvua asiyetembea, mzee Leonsi asiyeona, na vikongwe wawili waliokuwa wanalala tu kutwa, akawapeleka mwisho wa ghala, ukutani, akawatandikia juu ya mbao. Wageni wakija aliwaonyesha kwa kidole: "Wale tumewapa pa heshima." Wageni walifurahi, wakapiga picha, wakaenda. Hakuna aliyeuliza heshima hiyo ina njia gani ya kutokea.

Maana kati ya ukuta ule na mlango palikuwa na familia juu ya familia, mkeka unagusa mkeka. Na mtu hamruki mwenziwe. Hilo mtoto wa hapa hulijua kabla hajajua kuhesabu: ukiruka miguu ya mtu umemtakia mabaya, na ukiruka kwa kusahau unarudi pale pale uliporukia, unaruka kinyume ili kuufuta mkosi. Kutwa nzima humo ndani ilikuwa kelele za akina mama: "Weye mutoto, rudi ulikoruka!" Mwenye miguu alitafuta upenyo, akakanyaga kwa ncha ya kidole. Mwanvua alitembea kwa mikono, ndara zimevaliwa viganjani, miguu inaburuzwa nyuma kama kamba ya ngalawa. Kila mkeka aliomba. "Kunja miguu, baba, nipite. Kunja miguu, mama, nipite." Kunja, nipite, kunja, nipite, mpaka sauti inakauka na haja yenyewe imeshakata shauri peke yake.

Na akifika mlangoni, kizingiti. Lango kubwa la ghala lilikuwa limeshikana kwa kutu tangu zamani, na watu walitumia mlango mdogo wa ubavuni, mwembamba wa kupita mtu mmoja. Hapo chini Hamidou alikuwa amejenga ukuta wa sementi unaofika goti la mtu mzima, ili pipa likipasuka mawese yasimkimbilie nje. Ukuta uliojengwa kuzuia mafuta ulimzuia Mwanvua vizuri kuliko mafuta. Ilibidi apige kelele. Wapagazi wa samaki waliokuwa wanapumzika nje wakaja, mmoja kwapani, mmoja magotini, wakampitisha juu kama gunia la ndagala, wale dagaa wa ziwa. "Oo, leo mama muzito!" wakasema. Hawakuwa na ubaya, ni vijana tu. Lakini mwanamke aliyevaa kitambaa chake akajifunga vizuri hataki kubebwa na vijana mbele ya watu ili akajisaidie, na kila mtu ajue anakwenda kufanya nini, na wamngoje nje ya choo wamrudishe.

Basi akaacha kunywa maji.

Mwanzoni alisema amefunga. Ilikuwa Jumatatu, na Mwislamu akifunga Jumatatu nje ya Ramadhani hakuna anayeshangaa. Alhamisi ikafika, akafunga tena. Kisha Jumatatu na Alhamisi zikawa hazitoshi, akafunga Jumanne, akafunga Jumamosi. Wakristo wa humo ndani wakaanza kumnong'onea sifa. "Yule mama anaomba kwa ajili yetu." Mwanamke mmoja alimletea mtoto mwenye homa amshike kichwa. Mwanvua akamshika, midomo imepasuka, ulimi umekauka kama ndagala wa siku mbili juani, akasema bismillahi. Kadiri alivyokauka ndivyo alivyoheshimiwa, na kadiri alivyoheshimiwa ndivyo watu walivyokaa naye mbali. Nani ataenda kupiga domo na mtu mtakatifu? Kule mlangoni watu walisukana nywele, walitukanana, walisimuliana habari za soko. Kule mwisho ilikuwa kimya kama msikiti siku ya kazi.

Na Mwanvua si mtu wa kimya. Amekulia mwaroni, pale ufukweni zinapofikia ngalawa za ndagala, akichambua samaki na wanawake wenzake tangu utoto. Homa ilimchukua miguu kabla hajakumbuka kuwa nayo, kwa hiyo hakuililia. Mama yake alimketisha juu ya mchanga, akamwekea lundo la ndagala mbele yake, akamwambia, "Mikono unayo." Alikuwa na mikono kweli, na mdomo juu yake. Wanunuzi kutoka Bujumbura walimwogopa. Mtu akileta ubishi wa bei, Mwanvua alimtazama viatu, akapanda taratibu mpaka usoni, akasema neno moja, na mwaro mzima ukacheka.

Mdomo huo ndio ulioolewa. Abasi, fundi wa kushona nyavu, alikuja kununua samaki wa kitoweo akatukanwa, kesho yake akarudi kutukanwa tena. Walipooana alimjengea nyumba ya tofali mbichi kule chini, karibu na maji, na akaijenga bila kizingiti. Ardhi ya nje ikaingia ndani sawasawa kama mkeka mmoja. Majirani walimcheka. "Nyumba haina kizingiti, Abasi? Hata kuku ataingia bila kubisha." Abasi akajibu, "Kuku na aingie. Mke wangu na atoke." Mwanvua alitoka na kuingia miaka yote bila kumwomba mtu. Mtoto hawakujaliwa. Abasi alipokufa aliiacha nyumba ile, na ndiyo iliyokuwa inamshika mkono kila asubuhi.

Ziwa lilipopanda, nyumba zenye vizingiti zilisubiri kidogo. Ya Mwanvua maji yaliikuta wazi, yakaingia bila kubisha.

Ilikuwa mchana, jua linawaka, ndiyo maana watu hawakuogopa upesi. Maji yalikuja kwa utaratibu wa mtu mwenye nyumba. Jirani yake, Sabine, ukuta kwa ukuta, akaja mbio, mtoto mgongoni, mwingine mkononi. Sabine ndiye aliyekuwa anamchotea Mwanvua maji, na Mwanvua ndiye aliyekuwa anamlelea watoto akienda kuvuna chikichi za watu. Moto walikuwa wanaombana, chumvi walikuwa wanaombana, hawakuhesabiana.

"Mama, nipe beseni," Sabine alisema. "Niokoe unga na nguo za batoto. Nikiwafikisha juu barabarani ninarudi, ninakubeba."

Mwanvua akampa. Lilikuwa beseni la buluu la plastiki, pana, la kuogea. Akaketi juu ya kitanda akingoja. Maji yakafika kwenye mguu wa kitanda, yakapanda. Akaita. Akaita jina la Sabine mpaka likawa sauti tu, halina maana. Waliokuja mwisho ni wapagazi wawili asiowajua, walisikia kelele wakipita na mizigo yao.

Sabine hakurudi.

Hangarini walikutana jioni ile ile. Sabine alikuwa amepewa pa vijana wenye nguvu, pa hovyo, mlangoni pembeni mwa kizingiti, yeye na watoto wake na beseni la buluu limefunikwa nguo. Waliangaliana mara moja. Tangu hapo Sabine, akitoka, alitoka uso umegeukia nje. Akiingia, aliingia akitazama sufuria. Mtoto wake mkubwa, Irakoze, alijaribu siku ya kwanza kwenda kule mwisho kwa bibi yake, mama yake akamvuta shati.

Sasa mnaona shida ya Mwanvua ilivyokuwa imejifunga fundo. Nafasi ya mlangoni aliyokuwa anailia ilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe ni Sabine. Alimpigia Mwalimu kelele kila siku ili asimwombe Sabine hata siku moja.

Aliyemfanya avumilie ni mzee Leonsi. Leonsi alikuwa Mkatoliki wa Nyanza-Lac, aliyekimbilia Tanzania akiwa kijana na kurudi akiwa kipofu, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha Kigoma, kinyoofu, ambacho Mwanvua alikuwa anakicheka.

"Habari za asubuhi, Bi Mwanvua. Je, kumekucha?"

"Kumekucha, radio ya taifa. Weye unaulizia nini, kwani utaona?"

"Naulizia ili nijue kama nimelala."

Walikaa mgongo kwa mgongo, wakisemezana. Leonsi alikuwa na tabu yake. Njia aliyoikariri jana kwa fimbo, leo ilikuwa imelaliwa na mtu. Fimbo iligusa tumbo la fulani, fulani akafoka. Aliambiwa akitaka kutoka aite. Akaita. Mwenye kumsikia alidhani mwingine atakwenda. Asubuhi moja aliita muda mrefu, kwa adabu yake yote ya Kigoma, "Samahani, jamani, nani yupo karibu," na Mwanvua naye akapaza sauti kumsaidia, na kabla mtu hajafika mzee akanyamaza. Mwanvua akasikia harufu. Alivuta kanga yake ya juu, akampa kwa nyuma bila kugeuka, na Leonsi akaipokea.

Siku ile ile mzee alimwomba dereva wa basi dogo la kusini ampakie. Mwalimu Dismasi akatangaza kwa furaha kwamba mzee Leonsi amekwenda kupumzika kwa ndugu zake Nyanza-Lac.

"Ndugu gani?" Mwanvua akauliza. "Aliniambia ndugu wote waliisha. Analala kwenye baraza la kanisa yule."

"Mama, weye unapenda kuona vibaya."

"Mimi naona. Yeye ndiye alikuwa haoni."

Mkeka wa Leonsi ukakunjwa, ukasimamishwa ukutani. Mwanvua akabaki na vikongwe wawili waliolala. Siku nzima hakuna aliyemwambia neno ila "Mama, shikamoo" kutoka mbali. Koo lilikuwa linawaka. Mkojo wenyewe, alipobebwa kwenda kuutoa, ulikuwa mchache na rangi ya mawese, ukimchoma. Akajua. Mwili wa mwanamke haudanganywi kwa swaumu ya uongo. Ama atapata mlango, ama atafanya kama Leonsi, atatoka arudi kwenye kuta zake zilizobaki ndani ya maji, akafie pasipo na kizingiti.

Asubuhi ya Jumapili, watu walipokuwa bado wanaamka, alivaa ndara zake mikononi akaanza. "Kunja miguu, baba, nipite." Hakuomba kubebwa. Alipofika kwenye kizingiti alishika ukingo wa sementi kwa mikono iliyochambua ndagala maisha yote, akajivuta, akapanda. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitazamia. Alikaa. Aliegemeza mgongo kwenye fremu ya mlango upande mmoja, akainyoosha miguu yake miwili, myembamba kama mipini, juu ya kizingiti mpaka nyayo zikagusa upande wa pili.

"Mama, tupishe," akasema mwanamume mmoja aliyekuwa na haraka.

"Pita."

"Nitapita wapi?"

"Juu. Ruka."

Mwanamume akatazama miguu ile. Akamtazama mwenyewe, mjane, mlemavu, mwenye kufunga kila siku. Akarudi nyuma.

Nyuma yake wakasimama wengine. Wakajazana. Mtoto mmoja akataka kuruka, mama yake akamdaka hewani. "Unataka kutuletea mikosi?" Waliojaribu kubembeleza walibembeleza. Aliyetaka kumnyanyua kwa nguvu alipata tusi la mwaroni ambalo halikuwa limesikika katika ghala lile, na mikono yake ikarudi yenyewe. Basi watu wakabaki ndani. Na watu wakiamka asubuhi wanataka kitu gani kwanza? Kile kile. Wakaanza kusimama mguu mmoja, wakabadili mguu mwingine. Miguu ya Mwanvua, ambayo haijawahi kumpeleka popote, asubuhi hiyo ilisimamisha hangari zima.

Mwalimu Dismasi alikuwa amelala humo humo ndani, kwa kuwa mkubwa wa komite hulala na watu wake. Akaja akiwa amefunga tai kwa ajili ya misa, uso umekaza.

"Mama Mwanvua. Hiki ni kitendo gani?"

"Cha kukaa."

"Batu wanateseka!"

"Kweli? Wanasikiaje?"

"Wanabanwa, mama!"

"Poleni. Waite wapagazi, wawabebe."

Hakuna aliyecheka mara hii, hakuna aliyekuwa na nafasi ya kucheka. Mwalimu akabadili mguu. Alikuwa mtu mzima, na mtu mzima ana kibofu cha mtu mzima. Akatazama nyuma, kule mwisho wa ghala, kwenye zile mbao alizopanga kwa mkono wake. Akatazama mikeka yote iliyokuwa katikati. Macho yake yakarudi polepole, mkeka kwa mkeka, kama anayepita mwenyewe, yakafika kwenye kizingiti.

"Mzee Leonsi," akasema kwa sauti ndogo.

"Eh. Leonsi."

Wakati huo huo Sabine akatokea kwa nje. Alikuwa ameamka mapema kuliko wote kwenda kuchota maji, na sasa alisimama na bido, dumu la maji, kichwani, watoto wake wako ndani wanalia. Akaona miguu. Akasimama. Pakawa na hatua moja tu kati yao, na hakuna pa kugeuzia uso.

"Mama Mwanvua," akasema. "Nipishe. Batoto wangu."

Mwanvua alimtazama viatu, akapanda taratibu mpaka usoni. Watu wakangoja neno. Lakini neno lililokuja halikuwa lile la mwaroni.

"Sauti yako imekuwa nene," akasema. "Nilikuwa nimeisahau."

Sabine akatua bido chini. Mikono yake haikujua pa kwenda.

"Sikurudi," akasema.

"Najua. Nilikuwepo."

"Nilifika barabarani. Nikatazama nyuma, maji yalikuwa yanafika hapa." Akajigusa tumbo. "Nikasema nitapumua kidogo. Nikapumua. Halafu nikaona nimekaa. Nimekaa tu, mama, na beseni lako."

Nyuma ya Mwanvua mtu mmoja aliguna kwa maumivu ya kawaida ya asubuhi.

"Unataka mlango," Sabine akasema. "Nimekusikia kila siku unamuomba Mwalimu. Mbona hukuniomba mimi?"

"Ulikuwa unatazama sufuria."

Sabine akageuka, akaondoka. Watu wakadhani amekimbia tena, na Mwanvua naye, tusifiche, alidhani hivyo, moyo wake ukashuka ukakaa pamoja na miguu. Lakini Sabine alizunguka tu mpaka nyuma ya ghala, ambako Hamidou alikuwa ameacha lundo la makokwa ya chikichi yaliyopondwa, yale maganda magumu meusi ambayo watu wa Rumonge humwaga njiani kwenye matope. Aliporudi akapitisha mkono kwenye kidirisha kilicho juu ya mikeka yake, chembamba kisichopitisha mtu.

"Irakoze! Nipe beseni!"

Beseni la buluu likatoka dirishani kwa ubavu. Sabine akaja nalo kichwani limejaa udongo, akalimwaga chini ya kizingiti kwa nje, akaenda. Akaja la pili. La tatu akachanganya udongo na maganda, akakanyaga kwa miguu. Wapagazi waliokuwa wanatazama wakaona haya, wakachukua magunia wakamsaidia. Mwalimu Dismasi akapaza sauti kutoka ndani:

"Angalieni, kizingiti kisivunjwe! Hamidou alisema!"

"Hatuvunji, Mwalimu," Sabine akajibu. "Tunakizika."

Udongo ulipofika juu, ukilala kama mgongo wa ng'ombe, Mwanvua akakunja miguu yake kwa mikono, mmoja mmoja, akasogea nje. Watu wakatoka. Walitoka kama maji yaliyopasua kingo, na Mwalimu Dismasi na tai yake alikuwa wa tatu. Aliporudi, taratibu sasa, alivua koti la misa, akashika koleo, akaanza kujaza upande wa ndani. Misa hakuiwahi.

"Lakini ukilala mlangoni," akamwambia Mwanvua, bila kumtazama, "watu wasiseme ni mimi nimekuweka."

"Nitawaambia ni ukaidi wangu."

"Na kutoka mlango mpaka kule mwisho tuache njia. Hakuna mkeka njiani." Akachimba kidogo. "Nitatuma mtu Nyanza-Lac. Kwenye kanisa."

"Tuma. Lakini mwambie atakayekwenda aseme samahani kwanza. Yule mzee anapenda samahani."

Mtu alikwenda. Alirudi siku ya tatu peke yake, akasema mzee yupo, anasalimia, anashukuru, hatakuja. Kanga amebaki nayo. Mkeka wake ulibaki umesimama ukutani, na Mwanvua hakuacha mtu aulalie.

Lakini hiyo ilikuwa baadaye. Jumapili ile, Sabine alivuta mikeka yake pembeni, akatandika wa Mwanvua pale pale ilipokuwa nafasi yake, ubavuni mwa mlango, pa mbwa na wakopaji. Upepo wa ziwa ulikuwa unaingia. Mwanvua akakaa, akaona nje: barabara, wanawake na vikapu vya samaki, na kwa chini, maji yakimeta yamelala juu ya mtaa wake.

"Nipe maji," akasema.

Sabine akamjazia kikombe kutoka kwenye bido. Mwanvua akanywa chote mbele ya watu, jua limeshapanda. Akanyoosha kikombe tena.

"Bibi!" mama wa yule mtoto mwenye homa akashangaa. "Umefungua saa hizi?"

"Nimefungua," Mwanvua akasema, akafuta kidevu.

Haikupita muda mrefu akavaa ndara mikononi. Hakumwambia mtu anakwenda wapi. Akapanda udongo wa ndani, akavuka, akashuka udongo wa nje, maganda yakilia chini ya ndara zake, akaenda choo kwa mwendo wake, polepole, na hakuna aliyemngoja.

Aliporudi alikuta beseni la buluu kichwani pa mkeka wake, limeoshwa, lina maji ya kuogea. Sabine alikuwa amechuchumaa pembeni.

"Limepata ufa," akasema. "Siku ile barabarani, nililiangusha. Nitakununulia ingine sokoni."

Mwanvua akapitisha kidole. Ufa ulikuwa karibu na ukingo, urefu wa kidole, na udongo wa asubuhi ulikuwa bado umekwama ndani yake.

"La nini jingine?" akasema. "Hili hili. Usijaze kupita hapa."

Akatia mikono majini, akaanza kunawa.